Pindo

Niliupiga picha mguu, sikumpiga mtu.
Ndivyo nilivyojiambia, Jumatatu, saa nne,
zahanati ya Makorora, kitanda cha pili,
mwanga ukichujwa na wavu wa dirisha.
Kidole gumba cha Bi Mwantumu, kilichokuja cheusi
kabla ya Ramadhani, sasa kina nyama mpya,
laini kama ufizi wa mtoto.
Nikamuuliza, "Niwaonyeshe wenzio?"
Akasema, "Wenye sukari waone, wapate moyo."
Uso sikuuchukua. Jina sikuliandika.

Kundi letu lina watu mia na kumi na wawili.
Asubuhi hunipokea kwa waridi linalometameta
juu ya salamu za Ijumaa, hata ikiwa Jumanne,
kisha maswali: dokta, chapati mbili ni nyingi?
Dokta, kitumbua kimoja tu, cha jana?
Mzee Kihiyo wa Pongwe, siku moja,
alileta la chumbani mwake mbele yetu sote
akidhani ananong'ona na mimi peke yangu.
Watu mia tukanyamaza
mpaka mjukuu wake akamfutia.
Mungu anisamehe, nilifunga mlango wa ofisi
nikacheka.
Hiyo ilikuwa wiki ya kabla.

Basi picha ikaenda, na maneno yangu chini yake:
kidonda kinachooshwa hupona.
Kidole gumba kimoja
kikapata vidole gumba arobaini.
Adhuhuri kikatoka kundini,
kikapanda stetasi ya huyu, kikashukia kwa yule,
kikavuka reli, kikafika Barabara ya Ishirini
mimi sijala.

Lakini chini ya mguu palikuwa na kanga,
na juu kidogo ya pindo, pale penye jina,
herufi zilizoponea kwenye picha ni hizi:
WACHUNGULIA NINI.
Mwanzange nzima inaijua kanga ile.
Bintiye aliileta kutoka Mombasa, doti moja,
na maduka ya Ngamiani hayajawahi kuiona.
Sokoni mtu akamwambia, "Pole na mguu, shoga,"
kwa sauti iliyotosha mafungu matatu ya nyanya.
Mwingine akauliza, taratibu kabisa,
kama maradhi hayo ni ya kurithi,
maana pana mjukuu anayeposwa.

Magharibi simu ikaandika, bila hasira:
Bi Mwantumu ameondoka.

Nikapanda baiskeli.
Nilimkuta akifua. Ile ile, ndani ya beseni.
Hakunipa kiti, nami sikukitafuta.
"Mguu nilikupa," akasema. "Kanga sikukupa."
Nikamwambia nimeshaifuta picha.
"Umeifuta kwako."
Akaikamua, maji yakanirukia viatu,
akaitandaza kambani, na hapo ndipo nikasoma
nusu ambayo simu yangu haikuichukua:
NAFUNGA MLANGO WANGU, WE

Wiki tisa. Faili lake juu ya meza,
tarehe za kuoshwa kidonda zikipita tupu.
Nilimtumia salamu, sikutuma waridi.
Nilimtuma muuguzi Nuru, akarudishwa na chai, kwa adabu.
Kundini waliniuliza, dokta, mbona siku hizi hutuonyeshi?
Nikawajibu habari za chumvi.

Jana, saa saba usiku, si kundini,
ikaingia picha moja, bila salamu wala neno.
Kidole kile. Saruji tupu chini yake,
imefagiliwa, nafikiri, kwa ajili ya hili.
Nikaikuza kwa vidole viwili,
na kabla ya kutazama kidonda
nilitafuta herufi.
Hakuna. Kivuli cha mkono ulioshika simu,
na wekundu, mpya, pembeni mwa ukucha.

Nikaandika: njoo saa moja, watu hawajafika.
Tiki mbili. Zikageuka buluu.
Hajajibu.
Ni saa kumi na mbili na nusu sasa,
maji ya chumvi nimeyachemsha,
mlango wa nyuma nimeuacha wazi.